Emérence Mukandayisenga, Mama Aliyekataa Kutubu Aksanti

Ndugu na majirani wa Nyamitaba, na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Mpofi, haya ndiyo maisha ya Emérence Mukandayisenga, anayezikwa leo Jumamosi, tarehe 16 Machi 1957. Yameandikwa na Hilaire, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye ndiye anayeyasoma. Marehemu alimwonya Hilaire asiandike kwa hasira, kwa hiyo ameandika mara tatu, na nakala hii ndiyo iliyopoa kuliko zote. Mbili za kwanza zimetumika kuwashia moto wa chakula cha matanga.

Emérence alizaliwa hapa Nyamitaba mwezi wa Septemba 1911, watu wakiwa shambani wanapanda maharage. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Mbonigaba na mama Nyiramana, ambao wote wamekwisha kutangulia. Mama yao alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa na jembe mkononi, akamaliza mstari, ndipo akaenda nyumbani kuzaa. Ukaidi wa marehemu, ambao baadaye uliwanyima wazee wa kanisa usingizi, haukutoka mbali.

Shule yake ilikuwa miaka miwili tu, 1927 na 1928, katika darasa la kusoma lililofundishwa na mwinjilisti mmoja nyumbani kwake. Mwinjilisti huyo alifundisha kwa Kiswahili, na neno likiwa gumu alilitia katika Kinyarwanda. Siku moja alisoma kwamba Wakristo waenende kwa Roho, akasema, "Roho, mu luga yenu, njo umwuka." Sasa kwa watu wa vilima hivi umwuka ni pumzi ya puani, na tena ni mvuke unaotoka chunguni. Emérence, aliyekuwa ameacha maharage motoni kwao, akainua mkono na kuuliza kwa moyo safi kabisa, "Mwalimu, ni umwuka ya mu pua ao ya mu chungu?"

Darasa lilicheka mpaka mwinjilisti naye akacheka, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Watu wanaojua jibu hujibu. Wasiojua hucheka, na darasa lile lilicheka sana. Miongoni mwa waliocheka kwa sauti kubwa alikuwemo kijana Grégoire Sebarenzi, ambaye leo ni mkubwa wa wazee wa kanisa letu. Emérence akarudi nyumbani na swali lake.

Kila mmoja hapa anajua jinsi tunavyokula. Chungu hufunuliwa ndani, mlango umefungwa, jirani asijue kuna nini wala kuna kiasi gani. Emérence alimtazama mama yake akifunga mlango jioni ile, akaona mvuke unapenya kwenye nyasi za paa na kwenda zake kwa majirani bila kuomba ruhusa. Akasema, "Mama, tunafunga mulango ya bure. Mwuka inatoka tu." Baadaye alijifunza maana ya kweli ya lile neno, na aliijua kuliko wote waliomcheka. Lakini kosa lake hakulitupa. Tangu alipopata chungu chake mwenyewe, alikifunua uani, mchana, mlango wazi, akasema neno moja, "Aksanti," yaani asante, kisha akampakulia yeyote aliyefikiwa na harufu.

Aliolewa na Léonard Nzabonimpa tarehe 12 Julai 1930, na harusi yao ilibarikiwa na mmisionari aliyekuwa akipita. Léonard ni mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alipomwona mkewe akifunua chungu nje, alikwenda kusimama barabarani ili asionekane ni wa nyumba ile. Siku ya tatu alirudi, kwa kuwa alikuwa na njaa. Walijaliwa watoto wanne: Faustin, Anne, na mapacha wa kike waliozaliwa mwaka 1935. Mapacha waliugua surua mwezi wa Juni 1939, wakafa wakipishana siku mbili. Walizikwa katika kaburi moja, ndani ya ua wa miti ya miyenzi unaozunguka makaburi ya kanisa, hapo mnapopaona.

Siku ya nne baada ya maziko yale Emérence alipika. Alitoa chungu nje, akakifunua, na midomo yake ikasema lile neno, ingawa sauti haikutoka. Hilaire alikuwepo, akakasirika kweli, akamwuliza, "Dada, aksanti ya nini? Leo aksanti ya nini?"

Emérence alilia kwanza, kwa muda mrefu, mpaka maharage yakapoa. Kisha akasema, "Ya ile Yesu alifanya zamani, kaka. Alinipenda mbele sijamufanyia hata kitu moya. Ile haikukufa na batoto yangu." Hilaire hakuielewa imani ile, na kwa ukweli bado inampa shida. Lakini aliyasikia maneno yale kwa masikio yake, na hakuna mtu atakayemwambia kwamba dada yake alikuwa akizungumza na wafu, kama alivyokuja kushtakiwa.

Kazi ya marehemu ilikuwa ni kulima. Alilima maharage na mihogo kwenye mteremko ambao wengine waliuogopa kwa utelezi, na mbegu aliwagawia waliokosa. Mwaka 1943, wakati wa kazi za lazima za vita, Léonard alipelekwa na wanaume wengine kutengeneza barabara ya Walikale, upande wa Mpofi. Ilipopita miezi miwili bila habari, Emérence alijitwika kikapu cha maharage, akamwacha Anne kwa bibi yake, akatembea siku tatu. Alimkuta mumewe mzima, amekonda tu. Badala ya kumpikia mumewe pembeni, kama ambavyo mke yeyote mwenye akili angefanya, aliweka chungu katikati ya kambi. Kikapu kiliisha siku mbili. Wanawake wa Mpofi waliokuwa wakipita sokoni walimwuliza ni nani anayemlipa kwa kazi ile, akawajibu, "Nimekwisha kupewa. Sasa miye narudisha aksanti tu." Mmoja wa wanawake hao ni Thacienne, aliyefika Jumatano kumwona mgonjwa, na leo yuko hapa na wenzake kumi na mmoja, wote Wakristo. Kanisa la Nyamitaba halijawahi kumtuma mtu yeyote Mpofi. Lilikuwa na kazi nyingine.

Tuiseme kazi hiyo. Mwaka 1946 wazee watano wa kanisa letu, wakiongozwa na Grégoire Sebarenzi, waliandika sheria kumi na saba na kuzipigilia kwenye mlango wa kanisa. Sheria ya nne ilikataza tumbaku. Ya tisa ilikataza mwanamke kucheka ndani ya kanisa, kana kwamba palikuwa na jambo la kuchekesha kuliko yaliyopigiliwa mlangoni. Ya kumi na mbili ilimtaka kila mtu afike kabla ya ngoma ya pili, ndiyo maana kuna watu wazima hapa waliovunjika vidole vya miguu wakikimbilia wokovu. Watu walizishika sheria hizo kwa woga. Walikaa kwenye mabenchi na nyuso za watu wanaosubiri kuitwa na polisi, wakauita uso huo utakatifu.

Emérence alizishika nyingi bila kujua kuwa anazishika. Hakuiba, hakulewa, hakusengenya. Alifagia kanisa kila Jumamosi. Alipoulizwa kama anafanya hivyo kwa kuogopa Mungu asimfute, alishangaa kwa dhati. Mtu aliyefurahi na mgeni wake, alisema, hafagii uani kwa kuogopa kupigwa na mgeni. Jibu hilo halikuwapendeza wazee, kwa sababu kama watu wangeanza kutenda mema kwa furaha, wazee wangebaki na kazi gani?

Jumapili tarehe 9 Oktoba 1949, baada ya ibada, aliitwa mbele ya mabenchi yote. Mashtaka yalikuwa ni kuterekera, yaani kuipa mizimu ya mababu chakula, jambo ambalo wazee wetu wa zamani walilifanya kweli na ambalo sheria ya kwanza pale mlangoni inalikataza. Ushahidi ulikuwa chungu chake. Sebarenzi alisimama na shati lake jeupe, akauliza kwa sauti ile anayoitumia wakati mmisionari yuko karibu.

"Mama Emérence, unafunguaka chungu inje juu ya nani?"

"Juu ya mwenye iko na njaa."

"Na mbele ya kupakua, unasemaka neno. Neno gani?"

"Aksanti."

"Unaambia nani? Ile moshi inapandaka, inaendaka kwa nani?"

"Mzee, ile haiko moshi, ni mvuke. Moshi njo ile yako, ya nyuma ya kanisa."

Tumbaku ya mzee Sebarenzi ilikuwa siri iliyojulikana na kila mtu isipokuwa yeye. Wanawake walivunja sheria ya tisa kwa pamoja. Sebarenzi alingoja kicheko kiishe, na tangu hapo hakumtazama tena usoni.

"Tubu tu, Mama," akasema. "Sema ulikuwa unapatia bazimu, tukuombee, iishe. Ni neno moya."

Marehemu hakuwa mjinga. Alijua kwamba neno lile moja lingemrudisha nyumbani kwa amani. Lakini alijua pia aksanti yake ilikuwa ya nani. "Niseme ya kama ile aksanti ilikuwa ya bale bamekufa?" aliuliza. "Miye nilimupatia Yesu. Sasa nimunyanganye, nipatie bazimu, juu weye ufurahi? Ukiniambia nitubu aksanti, kesho utaniambia nitubu kupumua."

Wakamtenga. Kwa miaka saba na miezi mitano, Emérence alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na kila mara Meza ya Bwana ilipoandaliwa, sahani ya mkate ilifika kwa jirani yake na kurudi. Iliumiza. Asitokee mtu wa kusema haikuumiza. Anne anakumbuka jinsi mama yake alivyofungua mkono kidogo kila mara, bila kujijua, kisha akaufunga. Na Jumamosi iliyofuata alifagia.

Ama wazee waliomtenga, njia ya kutoka kanisani inapita kwa Emérence, na saa za baraza lao zilikuwa na tabia ya kuisha maharage yanapoiva. Walimpita wakikohoa, wakiuliza hali ya mvua. Aliwapakulia. Walikula wakiwa wamesimama, kwa kuwa sheria ya kumi na sita inakataza kuketi na mtu aliyetengwa, na wao ni watu wa kushika sheria. Walirudia sahani ya pili wakiwa wamesimama vilevile. Hilaire alimwambia dada yake awamwagie maji ya moto. Akamjibu, "Weye uko na roho ya pilipili. Bale bazee hawajashiba hata siku moya. Baache bakule."

Ugonjwa ulianza Septemba 1956. Tumbo lilivimba, miguu ikafuata. Alibebwa kwa tipoi, kitanda cha kubebwa mabegani, mpaka zahanati, na muuguzi, mtu mwenye huruma, alisema ni ini na kwamba dawa zake hazitoshi. Emérence alirudi nyumbani kwa tipoi ileile. Njiani aliwataka wabebaji wapumzike kila kilima, akawauliza majina ya mama zao.

Jumanne tarehe 19 Februari mwaka huu, wazee wote watano waliingia nyumbani kwake. Walisimama kuzunguka kitanda. Sebarenzi alieleza kwamba sheria ya kumi na saba haimruhusu aliyetengwa kuzikwa ndani ya ua, ila mlango wa toba bado uko wazi, neno ni lilelile moja.

Hapo ndipo walipompata. Benchi la mwisho aliliweza. Sahani iliyorudi aliiweza. Lakini mapacha wake wako ndani ya ua, na kwa karibu miaka kumi na minane alikuwa akisema kwamba siku yake ikifika atalala kando yao. Hilaire alikuwa ameshika mkono wake. Akamwambia, "Dada, sema tu. Mungu anajua ni bongo." Ndiyo, Hilaire alimshauri aseme uongo, na leo anakiri mbele ya kaburi.

Emérence aliutoa mkono wake katika mkono wa Hilaire. Kisha akasema, "Batoto yangu biko kwa Yesu. Nikifika kwake na bongo mu kinywa, nitabaangalia namna gani?" Akageuza uso ukutani, akalia, nao wakatoka.

Siku mbili baadaye Sebarenzi alirudi peke yake, bila shati jeupe. Aliomba Hilaire atoke. Hilaire alitoka, akakaa nyuma ya ukuta wa matete, ambao kwa bahati nzuri hauzuii chochote. Maneno aliyoyasikia hayatasomwa hapa, kwa sababu marehemu alikataza, ingawa Hilaire angependa sana kuyasoma. Inatosha kusema kwamba mzee safari hii alikuja kuuliza, si kufundisha. Ni jibu tu ambalo Emérence aliruhusu litajwe, kwa kuwa alisema linawafaa wote. Alisema, "Bure, kaka Grégoire. Alikupenda bure. Wala sheria yako, wala shati yako. Bure njo inakusumbua." Mzee alipotoka alikuwa amelowa uso na mvua haikuwa imenyesha.

Emérence alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Léonard alikuwa amemshika kichwa. Pumzi yake ya mwisho ilikuwa ndogo na haikuwa na neno lolote.

Jana asubuhi wazee walikutana kuhusu kaburi. Wanne walisema sheria ya kumi na saba. Sebarenzi, ambaye alijua alichokijua, alitazama mikono yake na hakusema kitu. Mtu aliyepewa bure alishindwa kufungua kinywa chake bure. Kwa hiyo kaburi limechimbwa hapa tulipo, nje ya ua, hatua kumi na mbili kutoka kwa mapacha. Faustin na vijana wa Mpofi wamelichimba. Yesu, Bwana wake, naye alitolewa nje ya mlango wa mji na watu waliojua sheria vizuri, basi Emérence hayuko mahali pageni.

Marehemu ameacha mume, Léonard Nzabonimpa, watoto wawili, Faustin na Anne, wajukuu watatu, dada yake katika imani, Thacienne wa Mpofi, na wenzake wote, na ndugu.

Kuhusu ndugu, marehemu aliacha agizo, na alimwapisha Hilaire alisome kama alivyolisema, bila kuongeza pilipili. Ndugu zake ni wawili. Wa kwanza ni kaka yake Grégoire Sebarenzi. Wa pili ni Hilaire. Alitaka majina yasomwe kwa mpangilio huo. Hilaire alibishana naye siku nzima, akashindwa na mgonjwa asiyeweza kuinua kijiko. Dada yake alimwambia kwamba kumdharau mzee yule ni rahisi na kila mtu anaweza, na kwamba yeye, Hilaire, naye alipendwa bure, asijifanye amesahau. Dharau aliyokuja nayo hapa anayo mpaka sasa, mmeisikia yote, na haoni aibu ya kutosha.

Lakini jina limesomwa. Na kwa desturi yetu ndugu wa marehemu husimama kando ya kaburi, si kule ndani ya ua pamoja na wazee. Mzee Grégoire, nafasi yako iko hapa, kati ya Anne na Hilaire. Njoo. Hilaire atasogea.

Yule aliyempenda bure ampe Emérence pumziko lake.